Nilivyostaafu Kutoka Maabara ya Maji ya Choo

Nianze na aibu ili tumalizane nayo mapema. Siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijakalia kiti chochote, niliweka chapati na maharagwe ya mama kwenye friji ya sampuli. Sampuli zenyewe zilikuwa maji machafu, yaani yale yanayotoka kwenye vyoo vya Sydney baada ya nyinyi kuvuta maji na kuondoka mkidhani mambo yameisha. Hayaishi. Yalikuwa yanakuja kwetu.

Wadogo zangu wa darasa la tisa, nawaandikia kwa sababu mwakani mtapelekwa wiki ya mazoezi ya kazi na hakuna mtu mzima atakayewaambia ukweli. Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na sita na goti moja linalolia nikipanda ngazi, kwa hiyo nastahili heshima. Niliitumikia maabara ile kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa bila kukosa hata siku moja, na wale wanaosema hiyo si ajira kamili ni watu wenye wivu.

Kazi yenyewe inahusu hatari za kibayolojia. Maana yake, kitu kinachoweza kukuumiza hakionekani, hakinuki, wala hakikuchukii. Kinakaa tu pale, kikingoja ujikune pua.

Ulikuwa ule mwaka uliofuata lokdauni ndefu. Watu bado walivaa barakoa kwenye treni, wengine puani, wengine kidevuni kama ndevu. Mimi nilikuwa nimepanga kwenda kwa kinyozi mmoja hapa Penrith, magharibi mwa Sydney, lakini akasema hataki mwanafunzi dukani mpaka mambo yatulie. Mama akaenda kumwona Papa Bahati baada ya ibada. Papa Bahati ni Mkongo wa Bukavu anayeishi Minto, na cheo chake kazini kilikuwa Msimamizi wa Usalama wa Maabara. Mtu akiingia, akitoka, akipiga chafya, ni juu yake.

Maabara yao ilikuwa ya utafiti. Kila eneo la jiji lilikuwa na chupa yake ya maji machafu, na watafiti walitafuta mabaki ya kirusi humo ndani ili wajue ugonjwa unapanda wapi kabla watu hawajaanza kukohoa. Mtu anaweza kukataa kupimwa. Choo atakwenda.

Jumatatu nikashuka kutoka treni ya Penrith nimevaa shati la kanisani na tai. Papa Bahati alinipokea mlangoni, akaniangalia kutoka juu hadi chini. Kijana yeyote kwake ni petit, yaani mdogo kwa Kifaransa.

"Petit, nani amekufunga ile kamba?"

"Mama."

"Toa. Tai inaingiaka ndani ya kila kitu mbele yako."

Kisha nikapelekwa kwa Mkuu wa Maabara, profesa mrefu mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, ambayo nadhani alikuwa ameisahau. Aliongea Kiingereza, nami nawatafsiria kwa uaminifu wote nilio nao, ambao si mwingi. Nilijitambulisha kuwa naitwa Kev. Shuleni wote huniita hivyo.

"Kev," akasema, "tangu lokdauni hatujamruhusu mwanafunzi yeyote kuingia hapa. Wewe ndiye wa kwanza. Wiki yako ikienda vizuri, nitamruhusu wa pili. Isipoenda vizuri, nitaufunga mlango huu na nitalala usingizi mzuri."

Huyo wa pili alikuwa Furaha, binti yake Papa Bahati. Shule yake ya Minto ilikuwa na wiki yake ya kazi mwezi uliofuata. Mimi maabara niliiona kama mahali pa kupitisha muda pasipo na hesabu. Furaha alikuwa akiiota tangu utotoni. Waliishi kwenye kambi ya wakimbizi kabla ya kuja huku, na anasema kitu anachokikumbuka zaidi ni ndoo yenye bomba iliyowekwa langoni mwaka wa kipindupindu, na mama mmoja mkali aliyesimama hapo akihakikisha hakuna anayepita bila kunawa. Wenzake walimwogopa yule mama. Furaha alitaka kuwa yeye.

Baada ya hapo Papa Bahati akaniambia nipeleke chakula changu jikoni, mwisho wa ukumbi, kisha nirudi tuanze mafunzo. Nikafika mlangoni. Watafiti wawili walikuwa humo na saladi zao za majani, zisizo na harufu hata kidogo. Nikasimama.

Nyinyi mnajua. Nikiwa darasa la saba nilifungua mkebe wa omena, dagaa wale wenye harufu, shuleni na meza nzima ikahama. Tangu siku ile nimekuwa mtaalamu wa kuficha chakula. Nimewahi kula pilau ndani ya choo na chapati chini ya koti la mvua. Kwa hiyo nikageuka. Njiani nikaona chumba kilichoachwa wazi, na ndani yake friji nzuri, tulivu, safi kuliko yetu, yenye kibandiko cha rangi ya machungwa: zile pembe zilizojikunja zikipeana migongo. Alama hiyo naijua. Ninayo nyuma ya simu yangu. Nikadhani mwenye friji ni kijana mwenzangu mwenye ladha.

Ndani kulikuwa na chupa za maji ya kahawia zimepangwa kwa majina ya maeneo. Nikadhani ni supu. Nikausukuma mkebe wa mama kati ya Ingleburn na Penrith, nikafunga. Inawezekana kabisa kwamba ile chupa ya Penrith ilikuwa na mchango wangu binafsi.

Haikupita muda mrefu Mkuu akatuita sote ukumbini. Alikuwa amevaa glavu, ameushika mkebe wa bluu mbali na mwili wake kama mtu aliyepewa mtoto asiyevaa nepi. Mama hufanya kazi kwenye nyumba ya wazee na ana mazoea ya huko: kila kitu hubandikwa jina. Juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa, kulikuwa na KIOKO.

"Sampuli hii haijasajiliwa," Mkuu akasema. "Ni nzito kuliko kawaida. Kioko ni kitongoji gani?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema huenda ni huko kusini, karibu na bahari. Mwingine akasema jina hilo amewahi kuliona kwenye ramani. Papa Bahati aliutazama mkebe, akanitazama mimi, akautazama tena mkebe. Aliniachia niseme mwenyewe.

"Ni maharagwe," nikasema. "Kioko ni mimi."

Kuna kimya cha kanisani na kuna kimya cha maabara. Cha maabara kina friji inayonguruma.

Papa Bahati alinipeleka kunawa mikono mpaka viwiko, huku amesimama nyuma yangu. "Petit, unaniskia? Ile haiko chakula tena. Tangu imeingia kule, iko taka."

"Lakini Papa, ilikuwa na kifuniko."

"Kifuniko imeguswa na nani?"

"Na mimi."

"Na ule mkono yako ulifungua friji. Ile friji inafunguliwaka na glavu ya mtu ametoka kushika chupa. Sasa wewe ungefungua mkebe, ungekamata chapati, ungetia kinywani. Huyu kirusi haina miguu. Ni sisi tunaibebaka, kama treni."

Hilo ndilo somo la kwanza la taaluma, vijana, na wengi hulikosa. Hatari haikai kwenye chupa tu. Inakaa kwenye njia kati ya chupa na mdomo wako, na njia hiyo mara nyingi ni wewe mwenyewe.

Mkebe ukatiwa otoklevu. Hilo ni sufuria la chuma lenye mlango wa kukaza kama wa benki. Linapika kwa mvuke wa kubanwa mpaka ndani hakibaki chochote kilicho hai. Kwa kifupi, ni ile sufuria ya presha ya mama zenu, ila hii imesoma chuo kikuu. Kila taka yenye mashaka hupita humo kabla ya kutupwa kwenye pipa la njano. Maharagwe ya mama yaliingia yakiwa chakula cha mchana na kutoka yakiwa matope yasiyo na dhambi. Mkebe wenyewe, wa plastiki, uliokuwa na vibanio vinne na uliotoka Machakos ndani ya sanduku la bibi yangu, ulitoka umejikunja kama uyoga mkavu.

Kabla sijaondoka, Mkuu aliniita ofisini. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Ijumaa utavaa na kuvua vazi la kazi mbele yangu," akasema. "Tutakupaka poda. Nikiona poda kwenye ngozi yako, nitajua kwamba mtu wa umri wako hafundishiki kwa wiki moja, na yule wa pili haji."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si kipimo kizuri cha vijana wote, amuulize mwalimu yeyote.

Jioni mama akaniuliza swali moja tu. "Mkebe wangu uko wapi?"

"Nimeuacha kazini."

Lilikuwa jibu la kweli, kwa namna yake.

Furaha naye akapiga simu. Kwa kawaida Furaha huongea Kiingereza hata na paka, lakini akikasirika Kiswahili cha kwao hutoka chenyewe. "Baba amekuja, hata hajakula. Umefanya nini?" Nikamweleza. "Mimi niko nangojea ule mlango tangu mwaka jana," akasema. "Wewe unaingia na maharagwe. Unanifungia mlango juu ya maharagwe, Kev?"

Nikamwambia pole, bila utani wowote. Wanaonijua wataelewa ukubwa wa jambo hilo.

Jumanne nikahamishiwa kituo cha pili, Chumba cha Kuoshea Vyombo, mlango unaofuata upande wa kulia. Ni kituo kigumu, chenye joto na mvuke, lakini ndiko watu hujifunza. Baada ya kazi Papa Bahati akanivalisha: koti la kufungia mgongoni, glavu, miwani ya kukinga, barakoa. Akanipaka kwenye glavu ile poda, isiyoonekana kwa mwanga wa kawaida lakini inayong'aa ukiimulika kwa taa ya zambarau. Poda inacheza nafasi ya kirusi. Kazi yako ni kuvua kila kitu bila kujigusa, halafu taa inakuhukumu.

Nikavua kwa mtindo wangu, kama mtu anayewahi bwawa la kuogelea. Papa akazima taa za chumba na kuwasha ile ya zambarau. Pua yangu iling'aa. Sikio moja liling'aa. Simu yangu, ambayo hata sikukumbuka kuigusa, iling'aa. Begani mwa Papa Bahati kulikuwa na alama ya vidole vyangu vyote, pale nilipompigapiga nikisema, "Nadhani nimefaulu."

"Sasa mimi pia niko mgonjwa," akasema. "Asante, petit."

Jumatano kituo changu kilikuwa nyuma ya mstari wa njano, nikimtazama Papa akifanya kazi kwenye kabati la usalama. Msidhani ni kabati la nguo. Ni meza yenye kioo kwa mbele, na hewa inavutwa ndani ili kilichomo kisikufuate nje. Papa aliingiza mikono polepole, akaituliza kidogo, ndipo akashika chupa. Nikamuuliza mbona anafanya kama mtu anayenyatia kuku. Akasema ule upepo ni pazia, na ukipitisha mkono kwa haraka unalipasua. Kuanzia hapo nikaona kwamba kila kitu katika taaluma yetu hufanywa taratibu kuliko unavyotaka. Niliona, lakini mwili wangu ulikuwa haujaambiwa. Kwenye jaribio la jioni nilifeli tena, mara hii kidevuni.

Mchana wa siku hiyo Papa alinikalisha jikoni, akafungua samaki wake wadogo wa kukaanga na ugali, katikati ya zile saladi. Harufu ilijaza chumba. Nikatafuta mahali pa kutazama.

"Papa, hawasemagi kitu?"

"Wanasema. Nawapa kidogo, wananyamaza."

Na kweli, Mkuu mwenyewe akapita, akachukua samaki mmoja kwa mkia, akaenda zake.

Alhamisi poda ilibaki karibu na jicho. Papa alifuta taa yake, na safari hii hakuniita petit. Nikapanda treni nikijua kwamba kesho yake ningemfungia Furaha mlango.

Nilifika nyumbani wakati mama anatoka zamu. Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo. Tangu ugonjwa uanze, mama akitoka kwa wazee wake haingii ndani kwa mlango wa mbele. Hupitia gereji. Ana beseni humo, sabuni ya mche, kamba ya nguo na mfuko. Wakati wa lokdauni nilimchukua video akivua aproni yake kwa mwendo wa bibi harusi, nikaitilia muziki, nikawatumia binamu zangu wote. Walicheka hadi Machakos. Mama alijua.

Jioni ile nikasimama mlangoni mwa gereji, nikatazama. Alishika aproni kwa nyuma, akaivuta mbele, akaikunja upande wa nje ukiingia ndani, kama anavyokunja chapati. Akanawa, akiimba pambio moja mpaka mwisho. Akatoa miwani kwa miguu yake ya nyuma. Akanawa, pambio lile lile. Barakoa ikawa ya mwisho, akaishika kwa kamba za masikioni tu. Akanawa tena. Hakukimbia popote.

"Leo hushiki simu?" akaniuliza bila kugeuka.

"Mama, kwa nini unanawa kila mara? Si unawe mwisho mara moja?"

"Kila nguo ina uchafu wake. Nikitoa hii na mikono ya ile, nimefanya nini? Na usikimbilie uso. Uso ni wa mwisho."

"Watu wengine waliacha haya mambo."

Ndipo akageuka. "Wewe una pumu, Kioko. Na mimi nilikuwa naogesha watu wanaougua. Ulitaka nivulie wapi, kitandani kwako?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha. Lilikuwa zuri pia. Nikaliacha hapo gereji, na nafikiri bado lipo, karibu na beseni.

"Nifundishe," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayetafuta kamera. Kisha akanitupia aproni safi.

Ijumaa, Mkuu akasimama mbele yangu na miwani zake zote mbili. Papa Bahati akanipaka poda. Nikaiacha simu nje. Nikavua glavu, ya kwanza ikakunjwa ndani ya ngumi ya pili, ya pili ikageuzwa ndani nje juu yake. Nikanawa nikiimba pambio la mama chini chini. Miwani ya kukinga, kwa nyuma. Nikanawa, pambio tena. Koti nikalivuta mbele, nikalikunja nje ikiingia ndani. Pua ilianza kuwasha. Nawaapia, iliwasha kuliko pua yoyote imewahi kuwasha katika historia ya Sydney. Nikaiacha iwashe. Barakoa kwa kamba. Mikono. Pambio mpaka mwisho, hata ule ubeti ambao hakuna anayeujua.

Papa akazima taa. Ile ya zambarau ikapita kwenye pua, masikio, kidevu, shingo, vidole, katikati ya vidole. Giza. Giza. Ndani ya pipa koti lilikuwa liking'aa kama disko, na mimi nilikuwa giza tupu. Sijawahi kufurahia kutong'aa kiasi kile.

"Geuka," Mkuu akasema. Nikageuka. Akamulika hata nyayo.

"Nani alikufundisha?"

"Papa Bahati alinifundisha mpangilio. Mama yangu alinifundisha kutoharakisha."

Akawasha taa za chumba. "Basi mwambie Furaha aje," akamwambia Papa. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Kioko, umwambie kwamba jikoni kuna friji."

Papa Bahati alienda kwenye sinki, akafungua bomba kwa kiwiko, akanawa uso wake mzima kwa muda mrefu, na mimi nikajifanya nasoma maandishi kwenye pipa.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na saa ya dhahabu. Nilirudisha kitambulisho mlangoni, Papa akanipa samaki wawili kwenye karatasi, na nikawala ndani ya treni, waziwazi, kuanzia mjini hadi Penrith, nikishusha barakoa kwa kamba na kuipandisha kwa kamba. Bibi mmoja alihama. Kijana mmoja akauliza ni samaki gani.

Furaha alienda mwezi uliofuata. Nasikia siku ya pili alimrudisha mtafiti mmoja mlangoni akanawe upya, na kwamba Mkuu anataka arudi likizo ijayo. Nasikia pia kuna mwanafunzi wa tatu amekubaliwa, na anaweza kuwa mmoja wenu. Kwa hiyo nawaachia mawaidha ya mstaafu: kibandiko cha machungwa ni onyo la hatari, si pambo, simu yako ni mkono wa tatu, na kama kuna mtu nyumbani ambaye mazoea yake yanakuchekesha, hebu yatazame tena mpaka mwisho kabla hujacheka.

Ijumaa ile nilimsubiri mama kwenye gereji. Nikamweleza yote, kuanzia friji hadi taa ya zambarau, nikamkabidhi mkebe wake uliojikunja, ambao Papa Bahati alinirudishia na nilikuwa nimeuficha ndani ya soksi tangu Jumanne. Nikamwambia kwamba Furaha amepata nafasi. Mama akaugeuza mkebe mkononi, akajaribu kuufunga kifuniko, kikakataa. Akauweka juu ya rafu kando ya sabuni. Akasema:

"Huyo Furaha nitamfungia chapati kwenye mkebe mpya. Wewe utabeba ya kwako mkononi, na hiyo mikono uioshe kwanza."